Mwongozo kamili wa kusuka misuko mitano ya neva kwa uzi, mpaka uichore bila kuangalia

Kila msimu wa mitihani ya vitendo naletewa kilio kile kile. Mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu amesimama mbele ya mtahini, anaambiwa: "Mgonjwa huyu hawezi kunyanyua kifundo cha mkono. Neva gani imeumia?" Anajibu vizuri: radiali. Anaulizwa tena: "Imetoka kwenye kamba gani, na kamba hiyo imekusanya nini?" Hapo kimya.

Si uvivu. Wengi wao wamekesha na kitabu. Kosa ni kwamba wanaanza na majina ya mwisho, kisha wanarudi nyuma kutafuta yalikotoka. Bibi anayekufundisha kusuka ukili hakupi mkeka uliokwisha uutazame. Anakutia miyaa mkononi, anakwambia huu pitisha juu, huu chini, mpaka vidole vizoee. Nasi tutafanya hivyo, kama tunavyofanya jioni barazani katika kikundi chetu cha kujisomea hapa Unguja. Kwanza utasuka, halafu utahesabu nyuzi, kisha ndipo ushike penseli.

Vitabuni misuko hii huitwa pleksasi. Mimi nasema msuko, maana ndivyo ilivyo: nyuzi za mizizi mbalimbali zinaingiliana, na zinapotoka upande wa pili zimeshachanganyika. Tenga jioni mbili. Ya kwanza ni ya mkono na shingo, ya pili ni ya kiuno, nyonga na kifandugu.

## Vitu vya kutayarisha

- Mkeka mkuukuu wa kulalia, utandikwe pahala ambapo hapapiti watu.
- Kamba ya makumbi nene kama kidole, dhiraa moja. Urefu huo si wa kubahatisha: ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima ni kama sentimita 45.
- Uzi wa sufu wa rangi tano: nyekundu, manjano, kijani, buluu na nyeusi. Ukienda Darajani kununua, chagua buluu ya mpauko. Buluu nzito na nyeusi hazitofautiki chini ya taa, nasi tulishapoteza jioni nzima kwa sababu hiyo.
- Uzi mweupe wa kushonea, ule mwembamba wa kofia.
- Vibanio vya nguo 15 hivi, mkasi, na vipande vya karatasi vya kuandikia lebo.
- Kanga moja, kitambaa chembamba chekundu, na mrija wa kunywea dafu.
- Karatasi nyeupe na penseli.
- Mwenzako wa jinsia yako, kwa ajili ya hatua ya 9.

Kitabu chako cha anatomia kiwepo, lakini kikae kimefungwa. Utakifungua mwisho wa kila hatua kuhakikisha, si kabla.

## Hatua ya 1: Laza ugwe mgongo na uhesabu 31

Laza kamba ya makumbi katikati ya mkeka. Juu ni kichwani, chini ni miguuni. Weka lebo ubavuni, kutoka juu kwenda chini: shingo C1 hadi C8, kifua T1 hadi T12, kiuno L1 hadi L5, nyonga S1 hadi S5, na kifandugu Co1. Jumla ni jozi 31.

Hapa wengi hukwama kwenye C8. Pingili za shingo ni 7, iweje neva ziwe 8? Ni kwa sababu neva ya C1 hutokea juu ya pingili ya kwanza, na hivyo hivyo mpaka C7. C8 inatokea chini ya pingili ya saba. Kuanzia hapo, kila neva inatokea chini ya pingili yenye nambari yake.

Kuna jambo jingine la kuona mapema. Kamba yako imekwisha, lakini lebo za chini bado zinaendelea. Ndivyo mwili ulivyo. Ugwe mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya L1 au L2, na mizizi ya chini yake huning'inia kama mkia wa farasi ikitafuta matundu yake ya kutokea.

Umefaulu ikiwa unaweza kuonyesha kwa kidole pahala pa C8, T12 na S1 bila kuanza kuhesabu upya kutoka juu.

## Hatua ya 2: Tengeneza neva moja tu, kwa ukamilifu

Usiirukie hatua hii kwa kuiona ndogo. Nusu ya makosa ya mbele huzaliwa hapa.

Kata nyuzi nne fupi, mbili nyekundu na mbili buluu. Nyekundu zifunge upande wa nyuma wa kamba, buluu upande wa mbele. Nyekundu ni mzizi wa nyuma, unaoleta hisia kutoka mwilini. Upige fundo dogo njiani, maana ndipo palipo na ganglioni, yaani fundo la seli za neva. Buluu ni mzizi wa mbele, unaopeleka amri ya mwendo kwenye misuli.

Sasa sokota zote nne pamoja kwa urefu wa ukucha tu. Kipande hicho kifupi ndicho neva ya uti wa mgongo yenyewe. Kisha gawa mara mbili: nyekundu moja na buluu moja ziende nyuma, nyekundu moja na buluu moja ziende mbele. Tawi la nyuma linahudumia misuli na ngozi ya mgongo. Tawi la mbele ndilo linaloingia kwenye misuko.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: vitabu vikisema "mizizi ya msuko" vinakusudia matawi haya ya mbele, si ile mizizi miwili iliyoshikamana na ugwe. Neno ni moja, vitu ni viwili. Ya pili: tazama matawi yako, yote mawili yana rangi zote mbili. Kwa hiyo neno "nyuma" likitokea tena huko mbele, lisikupeleke kwenye hisia. Mzizi wa nyuma ni wa hisia tu. Tawi la nyuma na mgawanyiko wa nyuma vimechanganya.

## Hatua ya 3: Msuko wa mkono

Huu ndio unaoangusha watu, kwa hiyo tutakaa nao. Unaanzia C5 na kuishia T1.

Kata nyuzi 20. Kila rangi nyuzi nne, kila uzi dhiraa tatu. C5 nyekundu, C6 manjano, C7 kijani, C8 buluu, T1 nyeusi. Bana kila kundi kwa kibanio kando ya kamba, kwenye lebo yake. Hiyo ndiyo mizizi mitano. Katika mwili inapita katikati ya misuli miwili ya shingo, skalene ya mbele na skalene ya kati.

Unganisha vigogo vitatu. Nyekundu na manjano zikutane: kigogo cha juu, nyuzi 8. Kijani iende peke yake: kigogo cha kati, nyuzi 4. Buluu na nyeusi zikutane: kigogo cha chini, nyuzi 8. Usizisokote kwa nguvu, maana utazifumua sasa hivi. Vigogo hivi viko chini ya shingo, juu ya mtulinga, na kwa mtu mwembamba unaweza kuvigusa.

Pasua kila kigogo mara mbili. Kila rangi itoe nyuzi mbili mbele na mbili nyuma. Utapata migawanyiko sita, nayo iko nyuma ya mtulinga. Sababu ya kugawa ni kazi: nyuzi za mbele zitakwenda kwenye misuli inayokunja, za nyuma kwenye misuli inayonyoosha. Ukilishika hili hutakuwa na haja ya kuhifadhi orodha ndefu ya misuli.

Kusanya kamba tatu. Kwanza laza kitambaa chekundu kwenye njia, kiwe ateri ya kwapa. Kisha:

- Migawanyiko yote mitatu ya nyuma ikutane chini ya kitambaa: kamba ya nyuma, nyuzi 10.
- Migawanyiko ya mbele ya kigogo cha juu na cha kati ikutane upande wa nje wa kitambaa: kamba ya nje, nyuzi 6.
- Mgawanyiko wa mbele wa kigogo cha chini uende peke yake upande wa ndani: kamba ya ndani, nyuzi 4.

Majina ya kamba yametokana na zilivyokaa kuizunguka ateri. Ndiyo maana nimekutaka ulaze kitambaa. Hesabu sasa: 10, 6 na 4 ni 20. Ikiwa hupati 20, usiendelee. Rudi kwenye migawanyiko, maana hapo ndipo uzi mmoja hupotea njia.

Toa matawi matano. Fanya polepole, ukitaja rangi kwa sauti.

Kutoka kamba ya nyuma, toa nyekundu moja na manjano moja. Hiyo ni neva ya kwapa, inayonyanyua bega kupitia msuli wa deltoidi. Nyuzi 8 zilizobaki ni neva ya radiali.

Kutoka kamba ya nje, toa nyekundu moja, manjano moja na kijani moja. Hiyo ni neva ya muskulokutania, inayokunja kisukusuku. Zimebaki nyuzi tatu.

Kutoka kamba ya ndani, toa buluu moja na nyeusi moja. Hiyo ni neva ya ulna. Zimebaki mbili.

Zile tatu za kamba ya nje na hizi mbili za kamba ya ndani zikutane mbele ya kitambaa chekundu. Hiyo ni neva ya mediani. Ukitazama kutoka juu utaona umbo la herufi M: muskulokutania mguu wa nje, mediani katikati, ulna mguu wa ndani.

Umefaulu ikiwa kwapa ina nyuzi 2, radiali 8, muskulokutania 3, ulna 2, na mediani 5 zenye rangi zote tano. Vitabu vingine huanza mediani kwenye C6, vikiuacha uzi mwekundu. Usigombane navyo, taja kama kitabu chako kinavyosema. Pia usipime unene wa neva kwa sufu yako. Mchango wa T1 kwenye kamba ya nyuma, kwa mfano, ni mdogo sana katika mwili wa kweli.

Malizia na matawi ya mapema kwa uzi mweupe. Funga mmoja kwenye mzizi wa C5 uende kwenye misuli ya nyuma ya fupa la bega. Funga mwingine unaokusanya C5, C6 na C7: hiyo ni neva ndefu ya kifua, inayolishikilia fupa la bega kifuani. Funga wa tatu kwenye kigogo cha juu: neva ya supraskapula. Wanafunzi huyaona matawi haya kama mzigo wa ziada, kumbe ndiyo yanayokwambia jeraha liko wapi. Mgonjwa ambaye fupa la bega lake limebenuka kama bawa akisukuma ukuta, na mkono pia umelegea, jeraha lake liko karibu sana na uti wa mgongo, kabla hata ya vigogo.

## Hatua ya 4: Bana uzi, uone mgonjwa

Kabla hujaufumua msuko wa mkono, uumize.

Kigogo cha juu. Bana kibanio pale nyekundu na manjano zinapokutana. Fuata nyuzi hadi mwisho. Neva ya kwapa imekufa yote, muskulokutania imebaki na kijani tu, supraskapula imekwenda. Bega halinyanyuki, kisukusuku hakikunjiki, mkono unaning'inia umegeukia ndani na kiganja kinatazama nyuma. Huyu ni mtu aliyerushwa na bodaboda akatua kwa bega na kichwa kikaenda upande wa pili. Huyu pia ni mtoto mchanga ambaye bega lake lilikwama wakati wa kuzaliwa. Wengi wa watoto hawa hupona, lakini wote wanahitaji kuonwa mapema.

Kigogo cha chini. Sasa bana buluu na nyeusi. Ulna yote imekwenda, mediani imebaki na nyuzi tatu. Bega ni zima, kisukusuku kinakunjika, lakini vidole havitanuki wala havishiki, na ngozi ya kidole cha mwisho na upande wa ndani wa mkono imekufa ganzi. Ikiwa T1 imeng'oka karibu na ugwe mgongo, hata kope ya upande huo hulegea na mboni hupungua, kwa sababu nyuzi za jicho hupitia hapo.

Kwetu jeraha hili lina sura yake. Kule Pemba nilimwona mchumaji wa karafuu aliyeteleza juu ya mkarafuu akadaka tawi kwa mkono mmoja. Uzito wote wa mwili ukavutwa na mkono uliokuwa juu ya kichwa. Kijana aliyempokea alimwambia anyanyue bega, akanyanyua. Akamwambia akunje mkono, akakunja. Akaandika kwamba neva zote ni nzima. Hakumwambia atanue vidole. Mchumaji yule alikaa siku kadhaa akidhani vidole vyake vina uchovu, huku kikonyo cha karafuu hawezi kukishika. Angekuwa amewahi kubana buluu na nyeusi mara moja tu, yule kijana angejua cha kuuliza.

Radiali peke yake. Bana zile nyuzi 8 katikati ya mkono wa juu, pale mfupa huvunjika. Kifundo kinaanguka. Bega lakini linanyanyuka, na kisukusuku mara nyingi bado kinanyooka, kwa sababu matawi ya trisepsi, msuli unaonyoosha kisukusuku, yametoka kabla. Sasa bana kamba ya nyuma nzima: kifundo kinaanguka na bega nalo linalegea. Hilo ndilo jibu la yule mtahini wetu wa mwanzo.

Onyo kwa siku ya kweli. Mtu akianguka mtini au kwenye chombo cha moto na mkono wake umelegea, usiuvute wala usiusukesuke kuujaribu. Mkono uliolegea unaweza kuwa dalili ya shingo iliyovunjika. Shikilia kichwa na shingo visitikisike, ufungie mkono kifuani, apelekwe hospitali.

## Hatua ya 5: Msuko wa shingo

C1 hadi C4, na huu hauna vigogo. Ni vitanzi: unganisha kila mzizi na unaoufuata kwa uzi mweupe.

Vitanzi hivi hutoa makundi mawili. La kwanza ni la ngozi: nyuma ya sikio, kuzunguka sikio, mbele ya shingo, na juu ya mtulinga. Matawi haya manne huchomoza pamoja karibu na katikati ya ukingo wa nyuma wa ule msuli mrefu unaotokeza ukigeuza kichwa. La pili ni la misuli midogo ya mbele ya shingo.

Tawi moja lipe uzi wake mnene: neva ya freniki, C3, C4 na C5. Inashuka kifuani mpaka kwenye kiwambo, msuli wa kupumulia. Kwa hiyo mtu aliyeumia ugwe mgongo juu ya C3 anaweza kushindwa kabisa kupumua, na aliyeumia chini ya C5 kiwambo chake hubaki kikifanya kazi.

## Hatua ya 6: Msuko wa kiuno

Ruka kifua. T2 hadi T12 hazina msuko wao: kila moja inafuata ubavu wake.

Kata L1 nyekundu nyuzi 3, L2 manjano 4, L3 kijani 3, L4 buluu 4. Jumla ni 14. Kunja kanga mara nyingi, iwe nene kama mkono, ilaze juu ya nyuzi: huo ni msuli wa soasi, na msuko umo ndani yake.

Nyekundu mbili zitoke ukingo wa nje, kila moja peke yake: iliohaipogastriki na ilioingwinali, za ngozi na misuli ya chini ya tumbo na kinena. Nyekundu moja na manjano moja zitoboe mbele ya kanga: jenitofemorali. Manjano moja na kijani moja zitoke nje: neva ya ngozi ya ubavu wa paja.

Zimebaki kubwa mbili. Manjano, kijani na buluu, moja moja, zitoke ukingo wa nje: neva ya femorali, L2 hadi L4. Manjano, kijani na buluu nyingine zitoke ukingo wa ndani: neva ya obturata, L2 hadi L4. Mizizi ile ile, kazi mbali mbali. Femorali inanyoosha goti, obturata inabana mapaja pamoja.

Hapa huulizwa swali zuri: femorali ni ya mgawanyiko wa nyuma, mbona iko mbele ya paja? Kwa sababu mguu, mtoto akiwa bado tumboni, ulizungukia ndani. Upande uliokuwa nyuma ukaja mbele. Kanuni ya kunyoosha na kukunja haikubadilika. Mguu ndio uliogeuka.

Umefaulu ikiwa zimebaki nyuzi mbili za buluu ambazo hazijapata kazi. Ziache zishuke.

## Hatua ya 7: Msuko wa nyonga, kisha wa kifandugu

Ongeza L5 nyeusi nyuzi 2, S1 nyekundu 2, S2 manjano 3, S3 kijani 2, na S4 uzi mweupe 1. Zile buluu mbili za L4 ziungane na nyeusi mbili za L5: hicho ni kiungo kati ya msuko wa kiuno na wa nyonga.

Chukua moja moja kutoka buluu, nyeusi, nyekundu, manjano na kijani: neva ya tibia, nyuzi 5, migawanyiko ya mbele. Chukua moja moja kutoka buluu, nyeusi, nyekundu na manjano: neva ya fibula ya pamoja, nyuzi 4, migawanyiko ya nyuma. Pitisha zote mbili ndani ya mrija. Huo mrija ndio neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini. Kwa nini mrija? Uone kwamba siatiki ni neva mbili zilizovaa ala moja. Kwa kawaida huachana juu kidogo ya nyuma ya goti.

Manjano, kijani na nyeupe zilizobaki ni neva ya pudenda, S2 hadi S4, ya msamba na ya kuzuia haja.

Neva mbili za matako zitie kwa uzi mwembamba: ya juu L4 hadi S1, ya chini L5 hadi S2.

Onyo la kazini. Siatiki hutokea chini ya msuli wa piriformisi, katikati ya tako, kisha inashuka. Sindano ya tako ikichomwa ndani au chini inaweza kuipata. Robo ya juu upande wa nje ndiyo ya kuchoma, na ubavuni mwa nyonga ni salama zaidi. Mtoto mdogo asichomwe tako kabisa, achomwe ubavuni mwa paja.

Fibula ina udhaifu wake: inazunguka mfupa kwa nje, chini tu ya goti, na iko karibu na ngozi. Bandeji gumu lililobana hapo huacha mtu akiburuta vidole vya mguu.

Msuko wa kifandugu ni S4, S5 na Co1, nao huhudumia kipande kidogo cha ngozi juu ya kifandugu. Funga uzi mmoja, endelea.

## Hatua ya 8: Chora bila kuangalia

Kunja mkeka. Kwa msuko wa mkono, andika C5 hadi T1 upande mmoja wa karatasi. Unganisha C5 na C6 kwa umbo la Y lililolala. C7 piga mstari mmoja. C8 na T1, Y nyingine. Kila kigogo kipasue mara mbili. Chora kamba ya nyuma kwanza, maana inachukua kutoka kote. Kisha ya nje, ya ndani, na M mwishoni. Majina ya neva andika baada ya mistari yote kukamilika.

Ukikosea usifute. Chukua karatasi nyingine uanze upya, kwa sababu ukifuta unazoea kuanzia katikati. Lengo ninalowapa wanafunzi ni dakika 5 kwa msuko wa mkono, mara tatu mfululizo bila kosa.

## Hatua ya 9: Tafuta misuko kwenye mwili wa mwenzako

Mkalishe mbele yako na umwombe ruhusa kabla ya kumgusa. Linganisha siku zote kulia na kushoto.

Mkono: anyanyue bega kwa upande (kwapa), akunje kisukusuku kiganja kikitazama juu (muskulokutania), anyanyue kifundo (radiali), akutanishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada kufanya duara (mediani), atanue vidole huku ukivibana (ulna).

Mguu: anyooshe goti akiwa amekaa (femorali), abane mapaja dhidi ya ngumi yake mwenyewe (obturata), atembee kwa visigino (fibula), atembee kwa vidole (tibia).

Ngozi, gusa kwa pamba: kidole gumba C6, cha kati C7, cha mwisho C8, kitovu T10, ndani ya muundi L4, juu ya wayo L5, kidole cha mwisho cha mguu S1. Msamba, S2 hadi S4, haufanyiwi mazoezi barazani. Lakini kazini lazima uuliziwe. Mgonjwa wa mgongo ambaye miguu yote imelegea, msamba umekufa ganzi na mkojo umefunga au unatoka wenyewe, ni wa dharura siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku na kufika hospitali ni kwa boti.

## Ukikwama

Hesabu haifiki 20: uzi wa kijani ndio mshukiwa wa kwanza, kwa sababu C7 iko peke yake na watu husahau kuipasua.

Mediani yako ina rangi tatu: umeitoa kamba ya nje tu. Rudi ukatafute buluu na nyeusi zilizobaki kamba ya ndani.

Unachora vizuri jioni, asubuhi imepotea: umechora, hujasuka tena. Fumua msuko wa mkono wote na uusuke upya, safari hii mwenzako akufunike mkeka kwa kanga na akuulize kila uzi unapoingia: "Huu wa nani, na unakwenda wapi?"